Heda Iliyobaki kwenye Mashine ya Zamani

Vijana wa chumba cha kompyuta mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi pale hospitalini, na mmesisitiza niandike mambo ya kiufundi. Nitajaribu. Ila kila jambo la kiufundi ninalolijua, ama nilifundishwa na mtu ama lilimfika mtu, kwa hiyo msishangae mkikuta watu ni wengi kuliko mashine. Vyeo nitaviruka. Kimoja kilinipa ufunguo wa stoo, basi.

Niliajiriwa kama mpiga chapa. Nilitoka kwetu Bugene kwa miguu asubuhi, viatu mkononi mpaka karibu na geti, nikavivaa hapo nikapelekwa kwenye chumba kilichokuwa zamani cha kuwekea mablanketi. Ndani kulikuwa na kompyuta chache za msaada na mwanamume mmoja mwenye koti la kazi lililochakaa viwiko. Huyo ndiye Mzee Privatus, ingawa wakati huo hakuwa mzee. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari, kisha hospitali ikamchukua aangalie jenereta, na kompyuta zilipofika akapewa yeye kwa hoja kwamba nazo zinatumia umeme.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza, "Unaogopa nini humu ndani?"

"Kuharibu," nikasema.

"Vizuri. Anayeogopa kuharibu husoma kabla hajagusa."

Akanisogezea kiti. Baada ya wiki chache alianza kunifundisha lugha ya C, bila mimi kuomba na bila yeye kueleza kwa nini. Alikuwa akiandika mwenyewe programu za hospitali: ya kuandikisha wagonjwa, ya duka la dawa, na ile aliyoipenda kuliko zote, ya dripu wodi ya watoto. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno heda, yaani faili linalokaa kichwani mwa programu na kuitangazia kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, fanksheni zitakazotumika, yaani vipande vidogo vya kazi: kila moja inaitwaje, inapokea nini, na inarudisha nini. Msimbo wenyewe hatukuuita kodi, maana pale ukisema kodi watu wanadhani umekuja kudai ushuru.

Nilimuuliza kwa nini tuhangaike kutangaza fanksheni ambayo ipo na inafanya kazi. Akaniambia, "Chukulia umemtuma mtu sokoni Nkwenda, na nyumbani hukuwaambia atarudi na nini. Wataandaa kikapu, kwa sababu wengi hurudi na vitu vya kikapuni. Huyu akija na maziwa, itakuwaje?"

"Yatamwagika."

"Hayatamwagika tu. Watachungulia kikapuni, wakute jani lililobaki humo tangu jana, wadhani ndilo alilotumwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kompaila za wakati ule, zisipoambiwa kitu, zilidhani kila fanksheni itarudisha namba nzima, yaani isiyo na desimali, na zikaendelea na kazi bila kukuuliza.

Programu ya dripu naomba niieleze kidogo, kwa sababu ninyi mmeikuta ikiwa imeshavaa nguo nyingine. Muuguzi aliandika jina la mtoto, uzito wake na hali yake. Mashine ikachapa karatasi ndogo ya kutundikwa kitandani: maji kiasi gani, matone mangapi kwa dakika. Mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo hawezi kupewa maji kama mtoto mwingine. Ukimzidishia, moyo unalemewa. Ukimpunja, kuharisha kunammaliza. Wauguzi walikuwa wachache, hesabu ilikuwa ndefu, na Mzee Privatus alikuwa ameshawahi kumwona mmoja wao akilia juu ya karatasi kwa sababu kila akirudia hesabu anapata jibu jingine. Ndipo akaandika programu ile. Ilitumika miaka mingi na watoto wengi walirudi nyumbani wakitembea.

Mzee Privatus alistaafu akarudi kwenye kibanja chake Ihembe, kwenye migomba na mibuni. Mimi nikabaki na mashine zake. Ile ya wodi ya watoto ilizeeka kuliko sisi sote. Kitufe chake cha kuwashia kilikuwa kimekatika, tukawa tunaiwasha kwa mpini wa kijiko, na wakati wa senene wadudu hao walikuwa wakiingia kwenye tundu za nyuma wakafia humo. Vipuri havikupatikana tena mahali popote.

Ndipo Respicius alipokuja. Ninyi mnamjua kama bosi wenu, mimi nilimjua akiwa kijana wa mkataba mfupi, mkewe ana mimba ya kwanza, shati lake limepigwa pasi kila siku. Alikulia Nkwenda. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda zamani wakafanya kazi katika mashamba ya kahawa ya watu, na yeye alisoma kwa shida mpaka chuo. Alikuwa msikivu, mwepesi wa kazi, na alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla hajakosea.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuhamisha programu zote za Mzee kwenda kwenye mashine mpya, yenye mfumo mwingine na kompaila nyingine. Nilidhani tutanakili mafaili, tukompaili, twende nyumbani. Respicius alipokompaili kwa mara ya kwanza, maonyo yalijaa skrini yakapita kwa kasi kama mvua ya masika kwenye bati. Mengi yalikuwa ya mambo yasiyodhuru: mtindo wa zamani wa kuandika, vigeu vilivyotangazwa visitumike. Akatafuta njia ya kuyanyamazisha ili aone makosa ya kweli, akainyamazisha kompaila, programu ikajengeka, ikachapa karatasi safi kuliko ya zamani. Simlaumu mpaka leo. Mtu akikupigia kelele siku nzima juu ya vitu vidogo, siku ana la maana hutamsikia.

Kipimo chenyewe kilikuwa wodini. Aliyeongoza wodi ya watoto ni Sista Adelina, mwanamke mfupi mwenye sauti inayovuka ukuta. Alikubali mashine mpya kwa sharti moja: kwa muda fulani yeye mwenyewe atapiga hesabu kwa mkono, na karatasi ya mashine haitatundikwa kitandani kabla hajailinganisha na yake.

Asubuhi moja, mimi na Respicius tukiwa wodini, aliletwa mtoto kutoka upande wa Kyerwa, Edson, mwaka mmoja na kitu, amekonda, macho yameingia ndani. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni juu ya bodaboda njia nzima. Sista akampima, akaandika uzito kwenye mashine mpya, na skrini ikaonyesha uzito uleule alioandika. Karatasi ikatoka. Sista akaiangalia, akaangalia hesabu yake, akaiangalia tena.

"Mashine hii inatoa maji ya mtu mzima," akasema. "Nani anataka kuniulia mtoto?"

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, yaani wodi nzima ilisikia. Mama Edson akasikia mawili tu: mashine, na kuua. Kabla hatujamfikia alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kutoka, anakwenda kijiwe cha bodaboda, anasema atampeleka kwa mganga wa kienyeji anayemjua. Sista alimfuata mpaka getini akimbembeleza. Hakugeuka.

Aliyemgeuza ni Respicius. Alikimbia akamkuta tayari ameshika kiti cha pikipiki. Nilikuwa nyuma yake, nahema. Alimwamkia kwa Kinyarwanda, yule mama akashtuka, wakaanza kuongea, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili na mimi nisikie, nadhani alitaka shahidi.

"Mama, mashine imekosea. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeiweka. Lakini Edson hajapewa hata tone moja la ile karatasi. Dripu yake Sista ameihesabu kwa mkono wake."

"Kwa hiyo unakubali ilitaka kumuua."

"Nakubali ilikosea. Sijui bado kwa nini. Mtoto wako akipanda pikipiki hii hatafika anakokwenda. Hilo najua."

Mama yule akaachia kiti cha pikipiki. Mwendesha bodaboda naye akazima pikipiki bila kuambiwa. Kisha mama akarudi. Edson akawekewa dripu kwa hesabu ya Sista, na Sista akakaa kando ya kitanda kile kana kwamba wodi haina vitanda vingine. Jioni mtoto alikojoa, na kwa mtoto wa namna ile hiyo ni habari njema kuliko kucheka.

Lakini maneno ya kijiweni hayakai kijiweni. Kesho yake mji mzima ulijua kwamba mtu wa hospitali amekiri mwenyewe kuwa kompyuta inaua watoto. Daktari Mkuu akatuita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekuwa na wazazi getini wanaouliza kama ni salama kuingia.

"Ungesema tu kwamba Sista anahakiki," akamwambia Respicius. "Ilikuwa lazima umwambie mashine imekosea?"

"Aliniuliza, Daktari."

Daktari akavua miwani, akafikicha macho. Akasema kwamba kama mpaka mwisho wa wiki hatujui tatizo ni nini, programu za Mzee Privatus zitaachwa zote, na mkataba wa Respicius itabidi utazamwe upya. Tulipotoka nje, mmoja wa watu wa stoo akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba ndiyo matokeo ya kuleta wageni. Respicius aliingia ofisini akaanza kukusanya vitu vyake kwenye begi, chaja, kikombe, picha ya mkewe.

"Weka chini," nikamwambia.

"Mama Koku, ni afadhali niondoke kabla sijaondolewa."

"Ukiondoka nitabaki na programu ambayo sijui inaumwa nini. Weka chini kikombe, tufanye kazi."

Tulifanya kazi siku nzima. Tuliichapisha thamani ya uzito mara baada ya programu kuisoma, na hapo tukaona ajabu: skrini ilionyesha uzito sahihi kwa sababu iliurudisha kama maandishi, vilevile alivyoyaandika Sista, lakini ndani, kwenye hesabu, ulikuwa namba nyingine isiyohusiana na mtoto yeyote. Tukaingiza uzito uleule kwenye mashine ya zamani, ikajibu sawasawa na mkono wa Sista. Msimbo ulikuwa mmoja, herufi kwa herufi.

Mchana wa siku iliyofuata ndipo mke wa Mzee Privatus aliponipigia simu kutoka Ihembe. Habari zilikuwa zimefika. "Tangu jana hajala," akasema. "Amekaa kwenye mibuni huko, ukimwita haitiki. Njoo umwambie kitu."

Tulichukua bodaboda mbili, nikabeba kompyuta ndogo ya ofisi yenye mafaili yake. Tulimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye gogo, kofia magotini. Tulimwamkia, na kabla hajaitikia shikamoo yangu aliuliza, "Mtoto yu hai?"

"Yu hai, Mzee. Ananyonya."

Akafunga macho. Kisha akaniita kwa jina langu, akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Anastazia, huyu wa juzi yu hai kwa sababu Sista alimpigia hesabu. Na wale wote wa zamani? Miaka yote ile hakuna aliyekuwa akirudia kwa mkono. Kama kosa lilikuwa humo tangu mwanzo, nimekuwa nikikaa hapa nawahesabu. Kuna waliokufa wodini mle. Nimekuwa nikijiuliza wangapi ni wangu."

Nilikuwa nimepanda pikipiki mpaka Ihembe kumfariji. Respicius ndiye aliyepiga goti mbele yake akafungua kompyuta.

"Mzee, mashine yako ya zamani jana ilijibu sawa na Sista. Ni ya kwangu iliyokosea. Nisaidie nijue imekosea wapi."

Mzee alimtazama kijana huyu asiyemjua. Naamini neno "nisaidie" ndilo lililomwinua. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, akamwambia asome kwa sauti.

"Uzito unasomwa kwa fanksheni gani?"

"Inaitwa atof, Mzee. Inachukua maandishi, inarudisha namba yenye desimali."

"Sasa panda juu kabisa. Nimeita heda zipi?"

Respicius akapanda. "Ya kuingiza na kutoa. Na ya hesabu. Basi."

"Na atof imetangazwa kwenye heda gani?"

Respicius akafungua heda ya hesabu ya mfumo mpya, akaitafuta, hakuiona. Akafungua nyingine, ile ya mambo ya jumla. Ilikuwa humo.

"Kwenye kompaila yangu," Mzee akasema polepole, "nakumbuka ilikuwa hata kwenye ya hesabu. Waliiweka sehemu mbili. Mimi nikaita moja, ikatosha." Akasita. "Nakumbuka. Sina hakika. Kaangalieni."

Mke wake alileta ndizi na maharage. Mzee akagusa kidogo, akasema atakula akisikia jibu. Hatukubishana naye, tulirudi.

Mashine ya zamani tuliiwasha kwa kile kijiko. Mimi ndiye niliyefungua heda ya hesabu ya kompaila yake. Mstari ulikuwepo. Atof, inapokea maandishi, inarudisha desimali. Kwa miaka yote ile programu ya Mzee Privatus ilikuwa imetangaziwa sawasawa, na kila mtoto aliyepita alipewa hesabu ya kweli. Kwenye mfumo mpya tangazo lile halikuwa kwenye heda hiyo, kompaila ikadhani itapokea namba nzima, ikachukua kilichokuwa kimebaki mahali inapozoea kupokea namba nzima, ikakiita uzito wa mtoto.

Nilimpigia simu mke wake. "Mwambie ilikuwemo. Mwambie ale."

Nilimsikia akimwambia kwa Kinyambo. Mzee hakuja kwenye simu. Baada ya muda mke wake akasema, "Analia, lakini amevuta sahani." Tukaagana.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja: kuita heda inayohusika. Hatukuishia hapo. Respicius aliyarudisha maonyo yote, akayachapa, tukayasoma moja moja tukiwa tumegawana, mimi na kalamu nyekundu, yeye na ya bluu. Katikati ya yale yasiyodhuru tukakuta ndugu wa kosa letu: fanksheni ya Mzee mwenyewe, inayotafuta jina la mgonjwa na kurudisha anwani yake, yaani mahali lilipo kwenye kumbukumbu ya mashine, ilikuwa kwenye faili moja na kuitwa kwenye faili jingine bila kutangazwa. Mashine ya zamani haikujali, kwa sababu anwani zake zilikuwa fupi na zilitoshea kwenye namba nzima. Mashine mpya ina anwani ndefu. Ingezikata katikati, na siku moja programu ingezimika mbele ya muuguzi mwenye foleni. Kuanzia hapo tukaandika heda yetu wenyewe, fanksheni zote za Mzee zimetangazwa humo mara moja, kila faili linaiita, na faili lenye fanksheni nalo linaiita, ili tangazo na fanksheni vikitofautiana kompaila yenyewe igombe. Hilo ndilo la kiufundi mlilotaka. Tangazeni kila kitu, na msinyamazishe maonyo bila kwanza kuyasoma.

Daktari Mkuu alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, akaomba tumrudie ile sehemu ya atof, tukamrudia. Akasema mkataba uendelee. Kisha akamwambia Respicius, "Kule kijiweni mimi nisingethubutu," akatoka haraka kama mtu aliyesahau kitu.

Wodini kulinganisha kuliendelea, na Sista Adelina hakupunguza sharti lake hata kidogo. Edson alikuwa bado kitandani, ameanza kushika vijiko na kuvitupa. Siku ya kupima tena, mama yake alisimama karibu na mashine, akamwona Respicius mlangoni.

"Leo inasemaje?" akamuuliza.

"Inasema kama Sista."

"Nani ametangulia kusema?"

"Sista."

"Haya," akasema, akamketisha mtoto kwenye mzani.

Mzee Privatus alikuja mwezi uliofuata, ameshikwa mkono na mke wake. Respicius akamsomea heda mpya mstari kwa mstari, na Mzee alisikiliza kama watu wanavyosikiliza majina ya ukoo yakitajwa. Alisahihisha jina moja. Tangu hapo kijana akawa anakwenda Ihembe Jumapili baada ya ibada, kwanza kuuliza maswali, baadaye bila maswali.

Miaka ilipita, mingine migumu, mingi yake ya kawaida tu. Siku yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka, mlikuwa mmenunua soda na keki na kunitaka nihutubie. Mlichokuwa hamkioni ni kwamba asubuhi ile Respicius alikuwa ameketi kwenye mashine nyingine mpya kabisa, yenye kompaila ya siku hizi, akihamisha programu ya zamani ya duka la dawa ambayo hatukuwahi kuipitia. Aliniita kwa sauti ndogo.

"Mama Koku. Imekataa."

"Soma onyo linasemaje."

"Si onyo. Siku hizi ni kosa. Kuna fanksheni haijatangazwa, inasema haijengi chochote mpaka niitangaze."

Nilisogea nikasoma mwenyewe, miwani puani. Ni kweli, ilikuwa imegoma. Respicius alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameamka.

"Asante Mungu," akasema, "imekataa."

Mkawa mnaita kutoka chumba cha pili kwamba soda zinapata moto. Nikawaambia mngoje kidogo, nikavuta kiti.